Mitungi mitatu ya R-22 kwa mwaka: gesi ya ofisi yenu inaishia wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni afisa utawala katika taasisi moja ya umma hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Mkuu wetu ameniagiza niandae mpango wa kupunguza matumizi ya kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni katika ofisi zetu, na mimi nimesomea utumishi, mambo ya mafriji siyajui. Nimezunguka na fundi wetu tukahesabu. Tuna viyoyozi 34, na 26 kati ya hivyo vina kibao cha R-22. Tuna chumba baridi kimoja cha kuhifadhia sampuli, mitungi minne ya kijani ya kuzimia moto kwenye chumba cha seva, na stoo kuna mafriji na viyoyozi vibovu vinavyosubiri mnada. Mwaka wa fedha uliopita fundi alimaliza mitungi mitatu ya R-22. Anashauri tusinunue mashine mpya, atubadilishie gesi tu kwenye hizi hizi kwa bei nafuu. Mhasibu anasema tungoje fedha, tubadilishe zote kwa mkupuo. Nimsikilize nani? Na kusema kweli, ofisi moja ya Mwanza ina uzito gani kwenye jambo la dunia nzima?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Katika yote uliyoandika, lililonishtua ni hiyo mitungi mitatu.

Mtungi wa R-22 unaouzwa madukani kwa kawaida una kilo 13.6. Mitatu ni kilo 40.8. Sasa tazama upande wa pili. Kiyoyozi cha ukutani cha BTU 12,000 hubeba gesi kilo moja hivi, na vikubwa kuliko hicho huzidi kidogo. Tukikadiria kwa ukarimu kilo 1.3 kwa kila kimoja, viyoyozi vyenu vyote 26 kwa pamoja vina kilo 34. Maana yake ni kwamba ndani ya mwaka mmoja mmenunua gesi nyingi kuliko ile inayokaa ndani ya mashine zenu zote. Huenda sehemu yake ilikwenda kwenye chumba baridi. Hukutaja kinatumia gesi gani. Hata hivyo hesabu bado haikai sawa.

Kiyoyozi hakili gesi. Gesi huzunguka humo humo, inageuka kimiminika upande mmoja na mvuke upande mwingine, na mashine iliyofungwa vizuri inaweza kukaa miaka kumi bila kuongezewa hata gramu. Ikipungua, imetoka. Kwa hiyo ama mashine zenu zinavuja sana, ama gesi iliyoandikwa kwenye hati za madai haikuingia yote kwenye mashine zenu. Simtuhumu fundi wenu. Ninachosema ni kwamba kwa utaratibu mlio nao, hakuna mtu ofisini anayeweza kujua ni lipi kati ya hayo mawili, na mpango wako uanzie hapo. Kununua mashine mpya kuje baadaye.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu mkuu wako atakuuliza hilo hilo. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za majokofu za wakati ule zikifika juu angani hupasuliwa na mionzi ya jua, zikaachia klorini, na klorini hiyo hula ozoni, ngao yetu dhidi ya mionzi mikali ya jua. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Septemba 1987 nchi zikatia saini Itifaki ya Montreal ya kupunguza kemikali hizo, na Tanzania ikajiunga mwaka 1993. R-22 si mbaya kama R-11 au R-12 zilizoitangulia. Nguvu yake ya kuharibu ozoni ni 0.055, ukichukua R-11 kuwa ndiyo 1. Kilo zenu 40.8 zina madhara ya kilo 2.2 hivi za R-11. Ni kidogo, na usiongeze chumvi kwenye taarifa yako.

Ila gesi hiyo hiyo hupasha dunia joto, kilo moja yake ikiwa sawa na kilo 1,810 za hewa ya ukaa. Mitungi yenu mitatu ni kama tani 74. Hapo tayari jambo linaanza kuonekana. Na lipo la tatu ambalo kwangu ndilo zito zaidi: Serikali ni mteja mkubwa wa viyoyozi katika mji wowote wa mkoa, na masharti inayoyaandika kwenye zabuni zake ndiyo yanayoamua mafundi wajifunze nini na maduka yalete nini. Marekani waliliona hilo mapema. Aprili 1993 Rais Bill Clinton alitoa amri iliyozitaka taasisi za serikali kuu kubadili taratibu zao za manunuzi ili zipunguze kemikali hizi. Fundi wa Mwanza akilazimika kuwa na mizani na mashine ya kunyonyea gesi ili apate kazi ya taasisi ya umma, kesho anakwenda navyo hotelini na benki.

Jambo moja ningeomba usiliweke kwenye mpango. Kanda hii watu wengi huhusisha tundu la ozoni na saratani ya ngozi kwa ndugu zetu wenye ualbino. Jua la Ikweta lilikuwa kali kabla mtu yeyote hajatengeneza friji, na tundu lenyewe liko Antaktika. Wenzetu hao wanahitaji kofia, kivuli na mafuta ya kukinga jua leo hii, hata kama hewani kusingekuwa na chembe ya R-22. Kulinda ozoni kunazuia hali isiwe mbaya zaidi kwa sisi sote, basi.

Upande wa sheria uweke kwa ufupi, kwa sababu ndio utakaoshawishi wenye kalamu. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na chini yake kanuni za kudhibiti kemikali zinazoharibu tabaka la ozoni. Kwa ratiba ya Itifaki, nchi zinazoendelea zilisimamisha ongezeko la gesi za kundi la R-22 mwaka 2013, zikatakiwa kupunguza asilimia 10 ifikapo 2015, asilimia 35 ifikapo 2020 na asilimia 67.5 ifikapo 2025. Mwaka 2030 ndio mwisho, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo, wastani wa asilimia 2.5 kwa mwaka hadi 2040. Mhasibu wako asome hizo tarakimu taratibu. Gesi mnayoipoteza sasa ndiyo mtakayoitafuta kwa tochi miaka michache ijayo, na bei atawapangia mwenye nayo.

Sasa mkataba wa matengenezo. Ninaweka dau kwamba mkataba wenu unamlipa fundi kwa kila mara anapojaza gesi. Karibu mikataba yote niliyowahi kuisoma iko hivyo. Fundi wa namna hiyo ni kama mtu anayelipwa kwa kujaza upepo tairi lenye pancha: akiziba pancha, amejinyima mlo. Hata awe mwaminifu kiasi gani, mnamlipa kwa uvujaji.

Geuzeni malipo. Mlipeni kwa kutafuta pengo na kuliziba, na kwa mashine inayofanya kazi mwezi mzima. Muandike wazi kwamba hakuna kuongeza gesi kwenye mashine ambayo pengo lake halijapatikana. Kila kiyoyozi kipewe namba na ukurasa wake kwenye daftari, na mtungi upimwe kwenye mizani kabla ya kazi na baada ya kazi mbele ya mtu wa ofisi, tofauti ya uzito iandikwe, wote wawili watie saini. Mizani ya kazi hiyo si ghali ukilinganisha na mtungi mmoja wa gesi. Baada ya miezi michache daftari litakuonyesha jambo ambalo huwa halikosi: mashine tano au sita ndizo zinazokunywa karibu gesi yote.

Mapengo yenyewe mara nyingi hayako mbali. Ni kwenye nati zinazounganisha mabomba ya kopa, hasa zile zilizokazwa kwa spana bila kipimo, na pale bomba linaposuguana na ukuta au kibanio cha chuma mashine inapotetemeka. Povu la sabuni linatosha kwa mengi. Kwa yaliyojificha, fundi anyonye gesi yote iliyobaki aiweke kwenye mtungi, kisha ajaze naitrojeni kavu kwa presha na aangalie kama geji inashuka.

Naitrojeni, nasisitiza. Wapo wanaojaza oksijeni ya kuchomelea kwa sababu ndiyo iliyopo karakana. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na hapo hatuzungumzii ozoni tena. Ukimwona mtu anaburuta mtungi wa oksijeni kuelekea kiyoyozi kwa ajili ya kupima, msimamishe hapo hapo, uulize maswali baadaye.

Muulize pia anasafishaje mabomba kompresa inapoungua. Jibu la mafundi wengi ni kimiminika cha R-141b, kinachomiminwa ndani kisha kupulizwa nje. Nguvu yake ya kuharibu ozoni ni 0.11, mara mbili ya R-22, na kwa kuwa hakikai ndani ya mashine yoyote, hakitaonekana kwenye hesabu yako ya vibao. Kiandike kwenye mkataba kwamba hakitumiki. Naitrojeni, kubadilisha mafuta na chujio jipya vinafanya kazi hiyo kwa mashine nyingi. Na kwa kuwa kompresa nyingi za mjini huungua kwa umeme kupanda na kushuka, kifaa cha kulinda umeme kwenye kila mashine kitakuepusha na sehemu kubwa ya usafishaji huo.

Ushauri wa fundi wa kubadilisha gesi: hapana, na sababu inategemea anataka kuweka gesi gani. Kama ni R-410A, presha yake inazidi ya R-22 kwa zaidi ya nusu, na mafuta yake ya kompresa ni ya aina nyingine. Mashine ya R-22 haikujengwa kuibeba. Kama ni R-290, yaani propani, hapo ndipo penye mtego, kwa sababu inafanya kazi. Presha yake iko karibu na ya R-22, inapoza vizuri, bili ya umeme huweza hata kushuka, na kila mtu anafurahi. Propani ni gesi nzuri sana kwa ozoni na kwa tabianchi, ikiwa ndani ya mashine iliyotengenezwa kwa ajili yake. Ndani ya mashine ya zamani, yenye swichi na rilei zinazotoa cheche kila inapowaka, umeingiza nusu kilo ya gesi inayowaka kwenye chumba kilichofungwa madirisha, kibao cha nje bado kikisema R-22. Fundi atakayekuja miaka mitatu baadaye na mwako wa kuchomelea hatajua. Na ukisikia mtu anataja gesi ya kupikia kama njia ya kupunguza gharama, mtafute fundi mwingine siku hiyo hiyo.

Mhasibu naye ana nusu ya ukweli. Ndiyo, mashine za R-22 lazima ziondoke, ila kuziondoa kwa mkupuo ni kupoteza. Ondoa kwanza zile tano au sita zinazovuja kila mara. Gesi iliyobaki ndani yake inyonywe, ipite kwenye chujio, iwekwe kwenye mtungi maalumu wa kurudishia, usizidi asilimia 80 ya ujazo, uandikwe R-22 na uzito wake, ufungiwe stoo kama mali ya taasisi. Mitungi ile ya kutupwa ya dukani haifai kwa kazi hiyo, haijatengenezwa kujazwa tena. Gesi hiyo ndiyo itakayohudumia mashine 20 zilizobaki, nanyi mnaacha kununua mpya. Nchi nyingine hufanya hivi kwa kiwango cha taifa. Australia ina benki ya taifa ya haloni, yaani kemikali za kuzimia moto zinazoharibu ozoni, na jeshi la Marekani lina akiba yake ya kemikali za aina hii, ili wenye mahitaji ya lazima watumie iliyokwishatengenezwa. Ninyi mnahitaji mitungi miwili tu na ufunguo wa stoo. Sharti ni moja: gesi mbili zisichanganywe kamwe. R-22 iliyochanganyika na kitu kingine haifai tena kwa lolote, na kuipata sehemu ya kuiteketeza ni kazi nyingine.

Mtakapofika kununua, tahadhari na kibandiko cha "rafiki wa ozoni". R-410A ni rafiki wa ozoni kweli, lakini kilo yake moja inapasha joto sawa na kilo 2,088 za hewa ya ukaa, kuliko hata R-22 mnayoikimbia. Marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yameiweka nayo kwenye foleni ya kupunguzwa, kwa hiyo mkinunua R-410A leo, mtaandika mpango huu tena. Kwenye vigezo mtakavyoingiza NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, usitaje chapa. Andika kwamba ODP (nguvu ya kuharibu ozoni) iwe sifuri na GWP (nguvu ya kupasha joto ukilinganisha na hewa ya ukaa) isizidi 750, kompresa iwe inverta, na mzabuni athibitishe kuwa mafundi wake wamefunzwa gesi zinazowaka. Viyoyozi vya R-32 vinapita hapo kwa 675. R-32 nayo huwaka, ingawa kwa shida, ndiyo maana ya hilo sharti la mwisho.

Lakini kabla ya kuandika "viyoyozi 26" kwenye maombi ya bajeti, naomba ufanye jambo ambalo halimpendezi muuzaji yeyote. Zunguka tena, safari hii saa nne asubuhi, uangalie ni vyumba vingapi vinahitaji kiyoyozi. Hii ni Mwanza. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwa hauna ankara. Dar es Salaam nitakuelewa. Hapa naingia ofisi nyingi nikikuta madirisha yamepigiliwa, pazia limefungwa, kiyoyozi kiko nyuzi 17, na katibu muhtasi amevaa sweta. Chumba cha seva kinahitaji ubaridi, maabara inahitaji, chumba cha mikutano kinachojaa watu labda. Korido na ofisi ya mtu mmoja yenye dirisha la kutazama ziwa, hapana. Kila kiyoyozi unachokifuta ni gesi ambayo haitavuja kamwe, na hii ndiyo sehemu ya mpango isiyohitaji kibali cha mtu zaidi ya mkuu wako. Atalalamikiwa. Avumilie.

Chumba baridi sina mengi bila kukiona. Kama ni R-22, kitangulize kwenye ukaguzi wa uvujaji, kwa sababu mashine ya namna hiyo hubeba gesi nyingi na mabomba yake ni marefu. Mzabuni akikushauri R-404A, kataa. Haigusi ozoni, lakini kilo yake moja inapasha joto sawa na kilo 3,922 za hewa ya ukaa. Kwa vyumba vidogo zipo mashine za propani zilizotengenezwa hivyo kiwandani. Magari ya taasisi pita haraka: yaliyotengenezwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kwa kawaida hutumia R-134a, isiyoharibu ozoni. Waombe tu karakana wasiiachie hewani.

Mitungi ya kijani kwenye chumba cha seva nitaizungumzia kwa herufi kubwa kama ningeweza. Katika utaratibu wa zamani wa Kiingereza, kijani kilikuwa rangi ya haloni. Rangi peke yake si ushahidi, soma maandishi: ukiona BCF, 1211 au 1301, ndiyo yenyewe. Haloni 1211 ina nguvu ya kuharibu ozoni mara 3 ya R-11, na 1301 mara 10. Kwa hiyo mtungi mmoja wa kilo 5 wa 1211 una madhara ya kilo 15 za R-11, karibu mara saba ya R-22 yote mliyoipoteza mwaka jana. Usiijaribu, usiitumie kwenye mafunzo ya zimamoto, na usiipeleke kwa mtu wa kujaza mitungi, maana ataimwaga kwanza. Ivishe lakiri, ifunge mahali pasipo joto, andika barua kwa Kitengo cha Ozoni kilicho Ofisi ya Makamu wa Rais, nakala kwa ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, hapa Mwanza. Haloni bado inahitajika kwenye ndege, haitupwi. Nafasi yake kwenye seva weka mitungi ya hewa ya ukaa, na waombe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wakague. Unga mkavu usiuweke hapo. Utazima moto na seva pia.

Linalobaki ni stoo, nalo ndilo la haraka kuliko yote. Mnada ukishafanyika, mnunuzi wa vyuma chakavu ataanza na kopa na kompresa, na namna yake ya kufungua ni msumeno au nyundo. Gesi yote itatoka ndani ya dakika moja mlangoni kwenu. Kabla Mhakiki Mali hajaja, mwite fundi mwenye mashine ya kunyonya, apitie kila friji na kila kiyoyozi, aandike aina ya gesi na gramu alizotoa, atoboe kompresa ili isiuzwe kama nzima, na abandike karatasi kuwa hakina gesi. Mafriji ya zamani sana yanaweza kuwa na R-12. Hiyo iwe na mtungi wake peke yake. Kama fundi wenu hana mashine hiyo, ulizia VETA, chuo cha ufundi stadi, kabla ya kutangaza tarehe. Na kama tangazo limekwishabandikwa, andika dokezo leo kuomba hizo mashine ziondolewe kwenye orodha hadi zinyonywe. Meza na viti viuzwe.